Kutoka Kambi Muru hadi mbele ya kamera

Ukitaka kufika Kambi Muru bila kupotea, abiri matatu ya nambari 8 katikati ya jiji la Nairobi, ufuate Ngong Road, upite Woodley, kisha ushuke Makina karibu na msikiti. Hapo ndipo lami humwacha mkono mgeni. Kutoka hapo ni vichochoro, vyembamba kiasi kwamba watu wawili wakikutana mmoja hana budi kugeuka ubavu. Kushoto mama anakaanga omena, kulia fundi wa redio ameanika vyuma vyake juu ya gunia, na juu ya kichwa chako nyaya za stima zimesokotana kama nywele zisizochanwa. Watoto watakusalimu kwa Kiingereza, nawe usipowajibu watakufuata hadi uwajibu.

Katika chumba kimoja cha ukuta wa udongo na paa la mabati nilimkuta msichana amesimama bila viatu, visigino, mabega na kisogo vikigusa ukuta. Hakusema neno. Mdogo wake wa kiume alikuwa ameketi kitandani akihesabu kwa sauti. Alipofika mia moja, dada mtu alilegea, akacheka, akanikaribisha kiti.

Ana umri wa miaka 19. Alimaliza kidato cha nne, akawa akimsaidia mamake kuuza mboga sokoni Makina. Ana urefu wa futi tano na inchi kumi, jambo lililomfanya aitwe Twiga tangu darasa la sita. Urefu huo aliouonea haya kwa miaka mingi ndio uliomletea kazi: mpiga picha mmoja wa hapa Kibera alimpiga picha akiwa amevaa magauni ya fundi jirani, picha zikasambaa kwa simu, na kampuni moja ya mavazi ikamwita kwa mchujo. Walikwenda wasichana wengi. Akachaguliwa pamoja na wengine watatu.

Nilipomtembelea alikuwa amebakisha siku tisa kabla ya kupigwa picha katika studio moja Industrial Area, kwa ajili ya matangazo ya mavazi mapya. Kampuni hiyo sitaitaja, wala msichana mwenyewe sitamtaja, kwa kuwa mapatano yao yamkataza kuzungumzia kazi kabla ya mavazi kutoka. Alinikubalia niandamane naye katika matayarisho kwa sharti hilo.

Pengine msomaji utajiuliza, matayarisho gani tena? Msichana ni mrembo, ni mrefu, si aoge tu aende? Hivyo ndivyo nilivyodhani kazi hii ilivyo wakati wa kuanza kuifuatilia. Lakini Kambi Muru ina jambo lake na kamera, na jambo hilo lina historia ndefu.

Jina lenyewe Kambi lakumbusha askari. Wanubi waliotoka Sudan na kupigana katika jeshi la King's African Rifles walipewa msitu huu na serikali ya kikoloni, na mwaka 1918 ukatangazwa rasmi kuwa ardhi ya jeshi, zaidi ya ekari 4,000. Kwa Kinubi waliuita Kibra, yaani msitu. Vijiji vikaota kimoja baada ya kingine: Makina, Lindi, Laini Saba, Kambi Muru. Lakini wazee hao hawakuandikiwa hati za kumiliki ardhi. Walikaa, wakazaa, wakazikana, miji ikawazunguka, ardhi ikamegwa ikajengwa nyumba za wengine. Ni mwaka 2017 tu ambapo jamii ya Wanubi wa Kibera ilipokabidhiwa hati, tena ya ekari 288.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Julai 2018, matingatinga yaliingia kufungua barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Nyumba, maduka na hata shule ziliangushwa, na Kambi Muru ni miongoni mwa vijiji vilivyoguswa. Msichana wetu alikuwa mtoto wa shule wakati huo. Leo, alfajiri kabla magari hayajawa mengi, hufanya mazoezi ya kutembea kando ya barabara hiyo hiyo, viatu virefu mkononi mpaka afike penye lami laini. Ajabu ya maisha.

Ukweli ni kwamba mitaa michache Afrika Mashariki imepigwa picha kuliko Kibera. Wageni huja na kamera kubwa shingoni. Hupiga picha mitaro, reli, paa za mabati, watoto wenye makamasi. Kisha huondoka, na picha huenda zikatundikwa Ulaya au Marekani. Mwenye uso hajui zilikokwenda. Mama mmoja anayeuza makaa aliniambia kwamba akimwona mtu ameinua kamera, humtupia kanga usoni mwake mwenyewe, ajifunike. "Hata kuku huulizwa bei kabla ya kushikwa," alisema.

Kwa hivyo kwa binti huyu, siku ya studio ingekuwa mara ya kwanza kupigwa picha na mtu aliyemwomba ruhusa kwa maandishi. Na kuombwa ruhusa ni kazi: lazima ujue la kujibu.

Tuanze na nguo, maana hapo ndipo wengi huanzia na kukosea. Mwanamitindo hapeleki mavazi ya kupendeza studioni. Mavazi ya kupigwa picha yapo huko yakimngoja. Anachotakiwa kubeba ni vitu visivyoonekana: nguo za ndani zenye rangi ya ngozi yake, zisizo na mishono minene, sidiria isiyo na kamba mabegani, viatu virefu vyeusi visivyo na mapambo, fulana ya kubana na suruali ya jinzi isiyo na matobo. Fulana na jinzi ni za zile picha za awali ambazo hupigwa kwa mwanga wa kawaida, uso mtupu, nywele zimefungwa nyuma, ili mwajiri aone umbo lilivyo.

Tulikwenda kuvitafuta soko la Toi, mwendo wa dakika chache kutoka Makina. Soko hili liliteketezwa katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, likajengwa upya na wenye soko wenyewe. Wauza mitumba wana lugha yao. Beli ikifunguliwa alfajiri, nguo nzuri kupita zote, zile za kuchaguliwa kwanza, huitwa kamera. Zinazobaki mwisho, za kurundikwa chini na kuuzwa kwa bei ya kutupa, huitwa fagia. Msichana alicheka aliponiona naandika neno hilo. "Kumbe tangu zamani tunatafuta kamera hapa," alisema.

Alipata fulana kwa Sh150 na viatu kwa Sh600 baada ya mabishano marefu. Mwenye kibanda alipojua viatu ni vya kazi gani, alimtoza kidogo zaidi, kisha akamwongezea soksi bure. Mambo ya nguo za ndani zenye rangi ya ngozi yalitutoa jasho. Rangi inayoitwa "ya ngozi" katika vibanda vingi ni ya ngozi ya Mzungu. Tulipita vibanda kumi na kitu kabla ya kuipata ya kahawia, nayo ilikuwa kubwa kidogo, ya kupunguzwa.

Kupunguzwa huko ndiko kulikotupeleka Kawangware, kwa shangazi yake ambaye ni fundi cherehani. Tulitembea, kwa kuwa nauli ya watu wawili kwenda na kurudi ni mlo wa jioni. Kutoka Toi unashika Ngong Road hadi Dagoretti Corner, kisha Barabara ya Naivasha, na mara unaona mji umebadilika tena: vibanda vya mahindi ya kuchoma, mikokoteni, mahubiri kwa kipaza sauti, matatu za nambari 46 zikigombania abiria. Upande mmoja ni Lavington yenye nyua za maua na mbwa wakali. Upande huu ni Kawangware, ambako watu wengi huamka mapema wakavuka kwenda kufanya kazi katika nyua zile zile. Kibera na Kawangware ni mitaa miwili ya aina moja katika magazeti, lakini mkaazi wa mmoja akifika katika mwingine hujihisi mgeni. Binti aliushika mkoba wake kwa mikono miwili njia nzima.

Shangazi alimpima bila kumsalimu sana. Kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mguu, mabega. Aliandika kwa penseli ya chaki kwenye kipande cha kaki. Kisha akalinganisha na vipimo ambavyo binti alikuwa amewatumia wenye kazi. Kiuno kilitofautiana kwa inchi moja.

"Ulisema uongo, mwanangu?"

"Nilivuta pumzi kidogo, shangazi."

"Basi watuandikie tena. Nguo huwa zinaletwa kwa vipimo ulivyotoa. Ukiongopa, gauni litabana mbele za watu, nawe ndiwe utakayeaibika, si kipimo."

Shangazi huyu hajaingia studio maishani mwake, lakini anajua nguo. Alitueleza kwamba gauni unaloona limemkaa vizuri mwanamke gazetini mara nyingi limeshikwa mgongoni kwa pini na vibanio, na ndiyo maana hupigwa picha mbele. Alimfundisha mpwa wake kutojikuna, kutoketi na gauni la kazi, na kuingiza kichwa ndani ya nguo akiwa amefunika uso kwa kitambaa chepesi, ili poda isipake ukosi. Gauni likichafuka huenda likakatwa kwenye malipo. Hayo ni mambo ambayo hayaandikwi kwenye matangazo ya kazi.

Shangazi alitaja jambo jingine. Jirani yake pale Kawangware alikuwa na binti aliyelipa Sh6,000 za "usajili" kwa ofisi moja iliyomwahidi kazi ya mitindo. Aliporudi baada ya wiki mbili alikuta mlango umefungwa na kibao kimeng'olewa. Nimesikia visa vya namna hii mara nyingi, na ninalosema ni hili: wakala wa kweli hupata fungu lake kutokana na malipo yako baada ya wewe kufanya kazi. Anayeanza kwa kukutoza pesa, kazi yake ni kukutoza pesa.

Sasa turudi Kambi Muru, kwenye ngozi na nywele. Siku hizo tisa kina dada wa ploti nzima walikuwa madaktari. Huyu alileta sabuni ya kung'arisha, yule krimu asiyejulikana imetengenezwa wapi. Binti alikataa zote. Alikuwa amesoma habari za Ajuma Nasenyana, msichana wa Lodwar aliyekuwa mkimbiaji kabla ya kuingia mashindano ya urembo mwaka 2003, akaja kuvaa mavazi ya mabingwa wa Ulaya. Mwaka 2011 Ajuma alipigwa picha hapa hapa Nairobi kwa matangazo ya Mwingereza Vivienne Westwood, mpiga picha akiwa Mjerumani Juergen Teller. Mwaka uliofuata alijitokeza hadharani kupinga krimu za kuchubua ngozi. Msichana mweusi wa Turkana, tena mweusi tititi, hakuhitaji kuchubuliwa ili apate kazi.

Mpiga picha wa Kibera aliyemtoa gizani, kijana mwenye mashine mbili tu na taa moja, alimshauri abebe poda yake mwenyewe. Studio nyingi huwa na mpambaji, lakini sanduku la mpambaji si lazima liwe na rangi yako. Tatizo hili ni la zamani kuliko simu. Katika enzi ya filamu, kampuni ya Kodak ilikuwa ikiwapa wasafishaji picha kadi yenye picha ya mwanamke Mzungu, kadi iliyojulikana kwa jina la Shirley, ili wasawazishe rangi kwa kufuata ngozi yake. Mtu mweusi akitoka kwenye picha meno na macho tu, ilisemekana ni kosa la weusi wake. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja katika miaka ya 1990. Siku hizi mashine ni za kisasa, lakini fundi asiyejua kupanga taa bado atakutoa kama kivuli. Kijana alimwonyesha binti jinsi ya kuuona mwanga: kuinua kiganja mbele ya uso, kukizungusha polepole, kutazama upande gani unang'aa, kisha kuugeuzia shavu upande huo. Kwa ngozi nyeusi, alisema, mwanga mpana wa ubavuni na mafuta kidogo juu ya mfupa wa shavu hufanya kazi kuliko poda nyingi.

Walifanya mazoezi hayo mlangoni, saa kumi jioni, jua likipenya kati ya mabati mawili. Majirani walikusanyika. Miongoni mwao alikuwamo bibi mmoja wa Kinubi, aliyevaa gurbaba ya maua makubwa, mwenye umri ambao hakutaka kuutaja. Alitazama kwa muda, kisha akasema msichana anatembea kama anayekimbia mvua. Akamvuta kando, akamfundisha kushusha mabega na kuacha mkono ulale. "Sisi tulikuwa tukienda harusini Makina, watu wanatuona tangu mbali," alisema. "Nguo hulishwa na mwendo." Ninaamini mafunzo ya bibi huyo yalizidi video zote ambazo binti alikuwa ametazama kwenye simu ya rafikiye.

Maana mitindo haikuletwa Kibera na wageni. David Avido, mshonaji aliyelelewa hapa na anayejulikana kwa jina la kazi Lookslike Avido, alishona barakoa na kuzigawa bure kwa wakaazi wakati wa corona mwaka 2020. Oktoba 2023 yeye na wenzake waliandaa wiki ya mitindo ya Kibera, humu humu mtaani, waonyeshaji wakiwa watoto wa mtaa. Binti alikuwa mmoja wa watazamaji. Alisimama juu ya ndoo ili aone, ingawa, asema, hakuwa na haja ya ndoo.

Siku nne kabla ya kazi, karatasi ya mapatano ilifika kwa simu. Ukurasa mmoja na nusu, kwa Kiingereza. Tuliisomea dukani kwa shangazi, mama yake binti akiwa amekuja pia kutoka Makina, kapu la sukuma wiki miguuni. Mama huyu alikuwa na hofu moja tangu mwanzo na hakuificha: mtoto wake asije akavuliwa nguo. Majirani walikuwa wamekwisha kumchoma masikio. Karatasi ilitaja mavazi ya ofisi na ya jioni, nguo za kuogelea hazikuwamo, na mama akapumua. Malipo ni Sh15,000 kwa siku moja, kulipwa ndani ya siku 30. Hapo pia wote wakapumua.

Lakini aya ya sita ilisema kampuni itaweza kutumia picha zote, kwa njia yoyote, popote duniani, milele, bila malipo mengine. Iliongeza kwamba itaweza kutumia jina la mwanamitindo na "historia ya maisha yake".

Tulinyamaza. Shangazi ndiye aliyesema kwanza. "Mtu akija kukodi cherehani yangu, namuuliza ni ya siku ngapi. Hawa wanakodi au wananunua?"

Mama mtu akauliza historia ya maisha ni ipi. Binti alijua. Siku ya mchujo mtu mmoja alikuwa amemweleza kwamba kampuni ingependa kumtangaza kama msichana aliyeokolewa kutoka mtaa wa mabanda. "Mimi sijaokolewa na mtu," alisema mama yake, taratibu sana. "Huyu nimemlisha mimi."

Hapo nilimkumbuka msichana mwingine. Mwaka 1975 mpiga picha Mmarekani Peter Beard alimwona katika barabara za Nairobi mwanafunzi wa sayansi ya siasa wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Msomali kwa jina Iman. Alipomwomba ampige picha, msichana hakukubali mpaka waelewane alipwe pesa za karo yake. Alijua kujadiliana. Lakini alipofika New York alikuta magazeti yamekwisha kuambiwa kwamba yeye ni mchungaji aliyepatikana nyikani, asiyejua Kiingereza. Baba yake alikuwa balozi. Yeye mwenyewe alizungumza lugha kadha. Hadithi ile ya uongo iliuza picha, na ilimchukua miaka kuifuta, hata baada ya kuwa mmoja wa wanamitindo mashuhuri duniani na, mwaka 1994, kuanzisha kampuni yake ya vipodozi kwa wanawake wa ngozi kama yake. Picha huisha siku moja. Maneno yaliyo chini ya picha hukaa.

Sheria ya Kenya haiko kimya juu ya haya. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 huihesabu picha ya mtu kuwa miongoni mwa habari zake za kibinafsi, na aliye chini ya miaka 18 lazima mzazi au mlezi aidhinishe. Septemba 2023 Kamishna wa Kulinda Data aliitoza klabu moja ya burudani Nairobi Sh1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake, na shule moja Sh4,550,000 kwa kutumia picha za watoto bila ruhusa ya wazazi. Sheria hii yamlinda hata yule mama wa makaa anayejifunika kanga. Lakini ukishatia sahihi chini ya neno "milele", kazi ya kukutetea inakuwa ngumu zaidi, kwa kuwa idhini umeitoa kwa mkono wako.

Wazazi wengi wanaosoma ukurasa huu wana mabinti na wavulana wanaotamani kazi hii, na wengine huona haya kuuliza maswali wasije wakapoteza nafasi. Nafasi ya namna hiyo, ya kupotea kwa sababu umeuliza, ina walakini tangu mwanzo. Picha zitatumika wapi: magazetini, kwenye mabango, mtandaoni? Kwa miezi mingapi? Katika nchi zipi? Je, kompyuta itaruhusiwa kuchukua uso huu na kuubandika kwenye mwili mwingine au kuuza bidhaa nyingine? Swali hili la mwisho halikuwako zamani. Leo ni la lazima.

Binti aliandika ujumbe yeye mwenyewe, kwa adabu, akafuta, akaandika tena. Aliomba matumizi yawe ya mwaka mmoja, katika Kenya, Uganda na Tanzania. Aliomba uso wake usibadilishwe kwa kompyuta kuundia picha nyingine. Aliomba shangazi yake aandamane naye studioni. Na aliomba aelezwe kwa jina lake na kazi yake, mtaa usitajwe pasipo yeye kuona maneno kwanza. Kidole chake kilikaa juu ya kitufe cha kutuma kwa muda mrefu. Mama yake aliinuka akaanza kupanga sukuma wiki zilizokwisha kupangwa.

Jibu lilichukua siku nzima, na usiku huo hakuna aliyelala vizuri. Sh15,000 ni kodi ya chumba ya miezi kadha. Asubuhi likafika. Miaka miwili badala ya mmoja. Nchi tatu, sawa. Kompyuta, sawa. Shangazi, karibu. Kuhusu maneno, waliandika kwamba "tutazungumza siku ya kazi".

"Tutazungumza ni ndiyo au la?" aliuliza mama yake.

Hakuna aliyeweza kumjibu. Binti alitia sahihi, lakini kando ya aya ya sita aliandika kwa mkono, kwa herufi kubwa, kwamba maneno ya historia yake yataonyeshwa kwake kabla ya kuchapishwa, akaipiga picha karatasi hiyo, akawarejeshea. Kama watakubali au watateta, hilo lilibaki la studio.

Usiku wa mwisho ulikuwa na matatizo yake ya kawaida. Chumba ni kimoja, watu ni watano, na ploti ya pili kulikuwa na sherehe. Mama aliwatuma wadogo walale kwa jirani. Maji mitungi miwili yalinunuliwa mapema. Nywele zilikuwa zimefumwa mistari ya chini chini siku tatu kabla, ili kichwa kisiwe kimevimba. Hakula chumvi nyingi wala kunywa soda, lakini alikula: ugali, sukuma, yai moja. Wale wanaoshinda njaa kabla ya kazi hii huzimia chini ya taa, na mimi siwaelewi.

Alitakiwa studioni saa moja asubuhi. Saa kumi na moja alfajiri mjomba wake, mwenye bodaboda, alikuwa amekwisha kufika mlangoni, kwa sababu vichochoro saa hizo si vya msichana peke yake. Shangazi angewakuta barabarani, akitoka Kawangware na matatu ya kwanza. Mkobani mlikuwamo viatu, fulana, jinzi, poda, kitambaa chepesi cha uso, kitambulisho, nakala ya mapatano katika mfuko wa nailoni na kalamu mbili. Mama yake alimletea mandazi manne ya moto ndani ya karatasi ya gazeti, akamwambia mawili ni yake na mawili ni ya shangazi, na asisahau kurudi na ule mfuko wa nailoni.